Gome la Tatu la Bibi Perpétua

Aderito ananiita Daktari. Si kwa heshima. Jina hilo alinibandika kiangazi cha mwaka 2015, nilipokuwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo kila tukikaa kula anauliza kwa sauti kama nimepata mgonjwa mwingine wa kupasua. Wenzetu kwenye kikosi cha kumenya mialoni wanacheka bila kujua wanachekea nini. Bibi yangu alipouliza, nilimwambia ni kwa sababu ya alama zangu za biolojia. Alama zenyewe zilikuwa kumi na moja kati ya ishirini.

Mgonjwa alikuwa mwaloni wake yeye Bibi, na habari hiyo niliikalia miaka tisa kama kuku aliyekalia yai viza.

Mwaloni ule aliupanda mwaka 1979, wiki aliyomzaa mama yangu, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, hatua mia tatu ukihesabu na kuruka kijito. Mwaloni wa vizibo hauna haraka na mtu. Unaungoja miaka ishirini na kitu ndipo uumenye mara ya kwanza, na gome hilo la kwanza ni takataka, limepasukapasuka kama kisigino cha mpiga jembe. Unangoja miaka tisa mingine, na sheria haikubali upunguze hata mmoja. Gome la pili linakuwa na adabu kidogo, lakini bado. La tatu ndilo gome. La tatu ndilo linalotoka laini, ndilo linalokuwa kizibo cha chupa ya mvinyo. Kwa mti wa Bibi hesabu ilikuwa 2006, 2015, 2024. Babu aliyechimba lile shimo hakufika hata la kwanza. Mama yangu yuko Luxemburg, anasafisha ofisi za watu na kupiga simu Jumapili. Aliyebaki kungoja ni Bibi, na kauli yake ilikuwa moja.

"Nataka nilishike gome la tatu kwa mkono wangu huu," alikuwa akisema huku akikata mkate. "Nikishalishika, huko juu wakiniita naenda. Kabla ya hapo wasinisumbue."

Sasa, kumenya mwaloni ni kazi ya sikio kuliko mkono. Mnakuwa wawili, mmoja upande huu wa shina na mwingine upande ule. Unapiga shoka kwenye mstari wa gome. Likilia kwa sauti nzito, yenye uwazi ndani, gome limeachia, unapindua bapa la shoka kidogo, unasokota, linabanduka bao zima. Likilia kavu, kama unapiga meza, unafunga mdomo na unahamia mti mwingine. Mti huo utaumenya mwakani. Hiyo ndiyo kanuni, na kila mtoto wa vilima vya Grândola, huku kwetu Ureno, anaijua kabla hajajua sala.

Siku ile ya 2015 upepo ulikuwa wa mashariki, ule mkavu unaotoka Uhispania na kuubana mti gome lake kama ngozi ya ngoma. Nilikuwa nasimulia kichekesho cha padri na nguruwe. Aderito, binamu yangu, alikuwa upande wa pili, na watu wengine wanne walikuwa wanasikiliza. Shoka lilinilia kavu. Nililisikia. Lakini padri alikuwa tayari ameshapanda juu ya meza, na mimi sikutaka kukatiza, na mti ulikuwa wa Bibi yangu, nani angetaka kurudi nyumbani kusema mti wa Bibi nimeuacha? Nikapiga kwa nguvu zaidi.

Chini ya gome kuna ngozi nyembamba, ya unyevu, rangi ya waridi. Sisi tunaiita mama. Ndiyo inayolisha mti na ndiyo inayozaa gome jipya. Unaweza kuchukua gome lote, mama ukimwacha mzima, mti unarudi. Mimi nilimbandua mama. Kipande cha shibiri mbili kwenda juu na shibiri moja kwa upana kilitoka na gome, na nyuma yake ukabaki mti mtupu, mweupe, kama mfupa.

Kichwa cha Aderito kilichungulia kutoka upande wa pili. Akatazama jeraha, akanitazama mimi.

"Daktari," akasema polepole, "mgonjwa anapumua?"

"Nyamaza, Aderito. Nakuomba."

"Mimi? Mimi sijaona kitu. Mimi ni nesi tu."

Nilishuka kijitoni, nikachota tope, nikalipaka jeraha mpaka likafichika. Kwa bahati lilikuwa upande wa korongo, wenye miiba, ambako hapiti mtu. Bibi alikuja jioni na kopo la rangi nyeupe kuandika tarakimu ya mwisho ya mwaka, kama tunavyofanya kila mti unapomenywa. Aliandika 5 upande wa njia. Akapigapiga shina, akaniuliza kama lilitoka vizuri. Nikasema, "Kama soksi, Bibi."

Baada ya hapo sikwenda tena upande ule. Nilizunguka njia ndefu kwenda kwenye nguruwe, nilizunguka kwenda kuchuma uyoga, miaka tisa, mpaka soli za viatu vyangu zilikuwa na haki ya kunishtaki.

Kilichonitesa zaidi ni shule. Mwaka ule ule, mwezi wa kumi, mwalimu wa biolojia alianza seli. Nilikuwa narudi nyumbani na daftari, nakaa mezani, na Bibi, ambaye aliishia darasa la tatu, anaanza.

"Leo mmefundishwa nini?"

"Seli, Bibi. Wewe umejengwa kwa vijumba vidogo vidogo, matrilioni. Hata mti."

"Mti pia?"

"Mti pia. Na wala hakuna msimamizi. Zinaongea zenyewe. Kwenye kuta za seli za mti kuna vijidirisha, zinapitishiana habari humo, na sukari, na umbea."

"Mti unapomenywa je? Mama anajua vipi kwamba gome limeondoka?"

Niliinama juu ya daftari kama mtu anayetafuta sindano. "Ile safu inayozaa gome inakufa kila tunapomenya, Bibi. Mwalimu kasema. Halafu ndani ya mama, seli ambazo kazi yao ilikuwa nyingine kabisa, kukaa tu na kupitisha chakula, zinaacha kazi hiyo, zinarudi utotoni, zinaanza kugawanyika upya. Ndizo zinakuwa safu mpya."

"Zinarudi utotoni," akasema Bibi. "Kama babu yako alipostaafu." Akakoroga supu. "Na mama mwenyewe akibanduka?"

Nilihisi masikio yakiwaka. "Hapo katikati hapaoti kitu. Ni pembeni tu. Seli za ukingoni zinaona jirani hayupo, zinaanza kuzaana, zinatoka kama midomo miwili, inatambaa kila mwaka kidogo mpaka ikutane. Mti hauzibi kidonda kwa ndani, unakifunika."

"Zinaonaje jirani hayupo? Zina macho?"

Nikamjibu kwa mzaha, maana mzaha ndiyo nguo ninayovaa nikiwa uchi. "Kama wewe na Bi Felismina."

Bi Felismina alikuwa jirani yake, mjane kama yeye, nyumba zao zinagawana ukuta mmoja. Kila asubuhi kabla ya saa kumi na mbili Bibi alikuwa akigonga ukuta mara mbili kwa mpini wa ufagio, na Bi Felismina akijibu mara mbili. Maana yake ilikuwa: mimi bado nipo, wewe je? Kisha kila mmoja anaenda kupika kahawa yake, na mchana wanagombana kuhusu kuku.

"Siku asipogonga," nikasema, "wewe si utajua? Basi na seli hivyo hivyo. Zinasikia kimya."

Bibi hakucheka. Aliuliza jambo moja la mwisho: "Na hiyo midomo, inahitaji nini ili itambae?"

"Hewa, nadhani. Ukingo uwe safi. Wadudu wasiingie."

"Nadhani," akasema. "Ndiyo maana unapata kumi na moja."

Majira yale yale ndipo kijiko kilipopotea. Kilikuwa kijiko kikubwa cha kupakulia supu ya mkate, ubavu mmoja umepinda, alichopewa siku ya harusi. Bibi alinishuku mimi. Eti nilikuwa nimekitumia kuchimbia minyoo, eti nilikuwa nimekisahau kijitoni, eti nilikuwa nimempa nguruwe. Niliapa kwa kila mtakatifu mwenye kanisa wilayani. Haikusaidia. Kila akipakua supu kwa kikombe, giligilani zikining'inia ukingoni, alikuwa akisema: "Tungekuwa na kijiko." Fikiria miaka tisa ya sentensi hiyo.

Na kila alasiri alikuwa akienda kijitoni kuchuma mnanaa. Anaondoka na kikapu, anakaa saa nzima, anarudi na majani matatu.

"Bibi, huo mnanaa unauchuma au unausomea?"

"Unakimbia siku hizi," alikuwa akijibu.

Mwaka 2020, mwezi wa pili, ukuta haukujibu. Bibi aligonga mara mbili, akangoja, akagonga tena. Mimi ndiye niliyevunja mlango. Bi Felismina alikuwa amelala kitandani kwake, kimya, mikono juu ya blanketi. Tulimzika, na kwa wiki mbili Bibi aliendelea kugonga. Nilikuwa namsikia nikiwa chumbani kwangu: ko, ko. Halafu kimya. Halafu kahawa inaungua kwa sababu hakuna anayeitazama.

Watoto wa Bi Felismina, walioko Lisbon, walikubali nihamie ile nyumba niitunze. Niliwaambia wenzangu nimechoka kukoromewa na mwanamke wa miaka themanini. Asubuhi ya kwanza nilikaa kitandani na mpini wa shoka mkononi kama mtu anayesubiri mwizi. Ukuta ulipogongwa mara mbili, nikajibu mara mbili. Kisha nikasikia sauti kupitia ukuta: "Felismina alikuwa anagonga kwa adabu zaidi."

Basi ikafika 2024. Kufikia hapo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Bibi macho yote mawili. Anaona mwanga, anaona mtu ni mrefu au mfupi, basi. Daktari wa kweli alisema atapasuliwa mwezi wa tisa. Wiki ya pili ya mwezi wa sita alinishika mkono.

"Mwaka una nne mwishoni," akasema. "Twende kwenye gome langu."

Nitasema ukweli, maana hadithi hii ndiyo kazi yake. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba haoni, na kwamba Mungu ananipenda. Nilipanga kila kitu. Ningemweka kwenye kiti upande wa njia, upande wenye ile 5. Ningemenya upande huo, ningempa bao zuri alishike, alie kidogo, aende zake nyumbani. Upande wa korongo tungemenya baadaye, au tusingeumenya. Ila kitu kimoja kilininyima usingizi kabisa: huenda nyuma ya tope langu sisimizi walikuwa wameshakula mti hadi moyoni, na nikipiga shoka nitaisikia sauti ya mtungi mtupu. Hapo kiti kisingenisaidia. Sauti Bibi anaisikia kuliko sisi sote.

Asubuhi ilikuwa na umande, hakuna upepo. Aderito alibeba kiti, mimi nilimbeba Bibi kuvuka kijito, naye akilalamika kwamba nina mifupa.

"Kaa hapa, Bibi, kuna kivuli."

"Hapa ni upande wa njia."

"Ndiyo. Hapa ndipo pazuri."

"Mm," akasema Bibi, akakaa.

Aderito aliniangalia, nami nikamwangalia, tukashika nafasi zetu. Nilikuwa sijawahi kuogopa mti maishani. Nilipiga pigo la kwanza.

Lilitoka zito, lenye uwazi mwembamba ndani, sauti ile tunayosema mti unalia kwa raha. Nikapiga la pili, la tatu, nikafuata mstari hadi chini. Nikapindua shoka. Gome likaguna, likaachia, likabanduka bao zima la urefu wangu, na ndani lilikuwa laini kama shavu. Mama alibaki kwenye shina, ameng'aa, rangi ya waridi, ametoka jasho.

Nililiweka bao mapajani mwa Bibi. Alivua kitambaa cha kichwa, akakitia mfukoni, kinyume cha wanawake wanaojifunika wakiingia kanisani. Akapitisha viganja vyote viwili upande wa ndani, kutoka juu kwenda chini, polepole. Akalinusa.

"Ndilo hili," akasema hatimaye. "Miaka arobaini na mitano. Ndilo hili."

"Umelishika, Bibi. Sasa twende, jua linapanda."

"Nipeleke upande wa pili."

"Kule kuna miiba."

"Kuna njia."

Nikageuka kumwambia hakuna njia, na nikaona ipo. Katikati ya miiba, kutoka kijitoni hadi shinani, kulikuwa na ujia mwembamba, upana wa mwanamke mmoja na kikapu, umekanyagwa mpaka udongo umekuwa mgumu. Aderito aliuona pia. Akakohoa, akaanza kukagua makali ya shoka lake kwa bidii isiyo ya kawaida.

Bibi alipita mbele, mimi nyuma nimemshika kiwiko. Alipofika kwenye shina hakupapasa. Aliinua mkono wa kulia, akanyoosha kidole kimoja, na kidole kikaenda moja kwa moja, usawa wa kifua chake, kikatua pale pale.

"Menya hapa," akasema. "Taratibu. Hapa gome ni nene, limejikunja."

Nilimenya kwa ncha ya shoka, kama anayemnyoa mtu. Gome la pale lilitoka vipande vipande, nene, lenye vinundu, kizibo hata kimoja hakingetoka. Chini yake kulikuwa na kovu. Ile midomo miwili niliyoisoma kwenye daftari ilikuwa imetambaa kutoka kulia na kushoto, minene, mviringo, kama ya mtu anayetaka kupuliza mshumaa. Juu ilikuwa imekutana, na chini pia. Katikati ulibaki ufa ambao kidole changu hakiingii. Mti mweupe haukuonekana tena.

"Mwaka wa kwanza ulikuwa unaingia mkono mzima," akasema Bibi. "Wa nne, vidole vitatu. Tangu macho yaondoke napima kwa hiki cha mwisho."

"Bibi."

"Sema."

"Nilimkata mama. 2015. Shoka lililia kavu, nikalisikia, nikapiga."

"Eh," akasema Bibi. "Nilidhani nitakufa sijaisikia hiyo."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilikuja kuandika tano, nikazunguka kukojoa. Nikaona tope." Akanigeukia, macho yake meupe yakitafuta urefu wangu. "Tope, wewe mtoto. Juu ya kidonda. Ulitaka kuuziba pumzi? Kufikia mwezi wa kumi sisimizi walikuwa wameshajenga mji na kumchagua meya. Nilikaa hapa siku tatu nakwangua."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini *wewe* hukusema? Nilikuuliza kila jioni. Nilikuuliza mti ukimenywa, nilikuuliza mama akibanduka. Ukainamia daftari. Nikasema, basi, ataniambia akiwa tayari. Ila majibu yalikuwa mazuri. Hewa, ukingo safi, wadudu wasiingie. Nilifanya hivyo hivyo." Akagusa kovu tena. "Sikujua kwamba ingechukua miaka tisa. Mti nilijua. Wewe ndiye sikujua."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilitafuta mfukoni mwote nilimokuwa nimezoea kukikuta, hakikuwepo. Nikamshika Bibi mabega tu, nikaweka kidevu changu juu ya kichwa chake, ambacho kilinukia moshi na gome bichi, naye akaniacha nikae hivyo.

"Mnanaa," nikasema. "Majani matatu."

"Mnanaa hauna miguu, Telmo. Nilikuwa nakushangaa ulivyoamini." Kisha akaninyooshea kidole juu. "Wewe ni mrefu. Hebu weka mkono kwenye panda pale, tawi linapogawanyika."

Nikaweka. Majani makavu, konokono mmoja, halafu chuma baridi. Nikakitoa. Kilikuwa kimeota kutu na ubavu mmoja umepinda.

"Nilihitaji kitu cha kukwangulia," akasema Bibi.

"Miaka tisa umeniambia nimempa nguruwe."

"Wewe uliniambia limetoka kama soksi."

Aderito alikaa chini. Alicheka mpaka akalala chali juu ya maganda. "Nesi alijua," akawa anasema akifuta macho, "nesi alijua mgonjwa ana daktari mwingine."

"Ulijua?"

"Nilimkuta hapa 2016. Akaniambia nikifungua mdomo atanikata mimi."

Tulimaliza kumenya mti saa nne. Aderito alitaka kutupa vipande vya lile gome lenye vinundu, Bibi akamzuia, akasema atatengenezewa kigoda. Kisha akaomba kopo la rangi. Nilimwelekeza mkono, lakini aliusukuma wangu, akaandika mwenyewe, kwa kuhisi, juu ya mama aliyekuwa ameanza kubadilika kuwa mwekundu. Ile nne ilitoka kama kiti kilichovunjika mguu. Haikuandikwa upande wa njia. Aliiandika hapo, kando ya kovu.

"Zamu nyingine ni 2033," akasema Aderito. "Utakuwa na miaka tisini na mitatu, Bibi. Si ulisema ukilishika la tatu utaenda?"

"Nilisema wakiniita," akajibu Bibi, akijifunga kitambaa. "Sijasikia mtu. Huo ufa bado haujafunga, na huyu ndio kwanza ameanza kusema ukweli. Nibebe, Telmo, na usinichome na mifupa."

Kesho yake, kabla ya saa kumi na mbili, nilikuwa macho nimelala chali, mikono inauma, nikifikiria zile seli zilizokuwa zikikaa tu na kupitisha chakula, ambazo wakati huo huo, bila msimamizi, zilikuwa zinaacha kazi zao. Ukuta ukagongwa mara mbili. Haikuwa sauti ya mpini wa ufagio. Ilikuwa ya chuma, nyembamba, yenye ubavu mmoja uliopinda.

Nikanyoosha mkono nikachukua mpini wa shoka, nikajibu mara mbili, kwa adabu.